Mkate wa Leo Huvaa wa Jana

Harufu ya mkate ukiokwa kila mtu anaijua na kila mtu husema anaipenda. Ninayoikumbuka mimi ni nyingine kabisa: harufu ya mkate mkavu ukisagwa. Iko kati ya karanga za kukaangwa na gunia jipya, inakwaruza pua kidogo, na ukiliinamia kopo lake vibaya utapiga chafya hadi machozi yakutoke. Hayo ndiyo machozi pekee niliyotoa mwaka ule, na nasema hivyo bila kujigamba wala kujionea huruma. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Shieywe, mjini Kakamega, katika nyumba ya vyumba viwili, baba, mama na mimi, na mama alifanya kazi katika bekari ya watawa iliyokuwa pembeni mwa mji, ukishika barabara ya kwenda Isecheno. Kuiita bekari ni kuipa heshima. Ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya nyumba ya watawa, lenye meza mbili za mbao, rafu za kupangia masinia, na tanuri la matofali lililokandikwa udongo wa kichuguu, ambalo lilikula kuni za mkaratusi tangu alfajiri. Mvua ya mchana ikipiga yale mabati hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo kazi nyingi pale zilifanywa kwa ishara za mikono.

Mwenye bekari, ikiwa mtawa anaweza kuitwa mwenye kitu, alikuwa Sista Ligaya. Alitoka Ufilipino. Wengi wetu hatukujua nchi hiyo iko upande gani wa jua, na majirani walimwita Mchina hadi wakachoka wenyewe. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na Kiswahili chake alikisomea darasani, kikawa kimenyooka kuliko chetu. Kwao, alituambia, mtaa usio na duka la mkate hauhesabiki kuwa mtaa. Watu huamka jua halijatoka, wanatoka na kandambili miguuni kwenda kununua mikate midogo ya moto katika mfuko wa karatasi, na wakirudi nyumbani wanaichovya kwenye kahawa. Mkate huo unaitwa pandesal, yaani mkate wa chumvi, ingawa ukweli ni kwamba una utamu. Alituokea na mingine pia, kama ule wenye nazi katikati, nazi ilipopatikana, na mwingine uliojikunja kama konokono, umepakwa siagi na kunyunyiziwa sukari na jibini, ambao ulikuwa wa Pasaka na wa wageni wakubwa. Lakini pandesal ndiyo iliyokuwa kazi ya kila siku, na ndiyo iliyowatatiza watu wa Kakamega, kwa sababu kila mkate ulikuwa umefunikwa na chenga za rangi ya udongo. Mama alikuwa akisimulia jinsi mteja wa kwanza kabisa, fundi wa baiskeli, alivyougonga mkate pajani kama mtu anayepukuta kiatu, akaupuliza, akaukagua tena, kisha akasema, "Sista ni mtu mzuri, lakini hapo kwake kuna vumbi." Sisi ni watu wa usafi. Nyumba inaweza kukosa sukari wiki nzima, lakini sufuria yake utajiona uso ndani. Basi jina likashika, ukawa mkate wa vumbi, na watu waliununua na kuupenda, ila kila mmoja aliupukuta kwanza.

Lile vumbi lilikuwa mkate. Kila siku Sista alibakiza mikate mitatu au minne bila kuiuza, akaiacha ndani ya tanuri likipoa hadi ikauke kama kigae, kisha akaisaga mezani kwa kuviringisha chupa tupu ya soda. Chenga hizo zilikaa katika kopo la mafuta ya kupikia, kopo kubwa la bati ambalo rangi yake ilikwisha kubanduka. Kesho yake, donge likishakandwa na kuumuka, mama alilikunja na kulivuta mpaka likawa refu na nene kiasi cha rungu, akalilaza juu ya chenga, akalikata kwa kipande cha bati kilichonolewa, tap, tap, tap, na kila kipande akakilaza ubavu uliokatwa ukiangalia chini, uvae chenga. Vilisubiri tena hapo kwenye sinia mpaka ukikibonyeza kimoja kwa kidole kinarudi polepole, kama mtu aliyeamshwa asiyetaka kuamka. Hapo ndipo vilipoingia motoni. Sista hakuruhusu donge livae unga mkavu, hata siku moja. "Mkate wa leo huvaa mkate wa jana," alisema, na ndivyo alivyofundishwa na baba yake aliyekuwa mwokaji. Kwa hiyo katika kila mkate uliotoka pale mlikuwa na punje za ule wa jana yake, na ndani ya huo punje za wa juzi, kurudi nyuma hadi siku ya kwanza ambayo tanuri liliwashwa. Mama alikuwa mtu wa shoto, na mikate yake ililala kidogo upande mmoja, ungeijua hata ikichanganywa na ya watu kumi. Iliyopinda kabisa, ile ambayo haikufaa kuuzwa, wafanyakazi walikwenda nayo nyumbani. Tuliiita vilema, na mimi sikuwahi kula mwingine.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Jumatano mama alirudi kutoka kazini na vilema vyake saba ndani ya karatasi, akaviweka juu ya kabati, akasema kichwa kinamuuma, ajilaze kidogo. Alhamisi baba alimpeleka hospitali. Ijumaa asubuhi baba alirudi peke yake, amebeba viatu vya mama mkononi, na sikuhitaji kuambiwa kitu. Nyumba ilijaa watu. Wanawake walifika wakilia tangu barabarani, wakajitupa chini, wakamwita mama kwa majina ambayo sikujua kwamba anayo. Mimi nilisimama karibu na kabati. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na nilijua kwamba nasubiriwa, kwa maana kila mara kilio kikitulia mtu alinigeukia. Sikuwa na kitu cha kuwapa. Sikusikia uchungu, sikusikia baridi, hata njaa sikuisikia, mwili wangu ulikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu ukafa ganzi. Dada ya baba, Senje Rodah, alikuwa amekuja kutoka Likuyani na gunia la mahindi na kuku wawili, naye ndiye angekaa nasi msimu mzima kutulea. Alinitazama akamwambia jirani, bila kupunguza sauti, "Huyu ameumbwa na moyo wa jiwe. Mamake amelala pale naye anaangalia kabati." Ni kweli nilikuwa naangalia kabati. Nilikuwa naangalia ile karatasi yenye mikate saba, nikihofia kwamba mtu ataiona na kuwakatia waombolezaji pamoja na chai.

Tulipotoka kuzika niliichukua. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni kwamba mikate ile ndiyo ya mwisho iliyopita mikononi mwa mama, na kwa mvua ile ya Kakamega, siku tatu nyingine ingeota ukungu. Nikaenda bekari. Sista Ligaya alikuwa peke yake, anapangusa meza. Hakunikumbatia, na nilimshukuru kwa hilo. Nilimwonyesha karatasi nikamwambia nataka ikauke isioze. Akaichukua, akaipanga juu ya sinia safi, mmoja mmoja, akaiingiza katika tanuri lililokuwa linapoa, kisha tukakaa kwenye benchi tukingoja, saa nzima, mvua ikipiga mabati. Ilipotoka ilikuwa migumu na myepesi, na bado ililala upande mmoja. Alinipa kopo la biskuti lenye kifuniko cha kukaza. Ndipo akasema, "Muhonja, kwetu mkate hauwekwi. Ukikauka husagwa." Nikamwambia huu hausagwi. Akaitikia kwa kichwa. Nyumbani Senje aliponikuta nikilisukuma kopo chini ya kitanda alitaka kujua kuna nini, na alipoona, kwa mara ya kwanza alinisifu. "Umefanya vizuri," akasema. "Akiba haiozi."

Wiki zilizofuata sina mengi ya kusimulia kuzihusu. Nilikwenda shule, nikarudi, nikala obusuma, yaani ugali, aliopika Senje, nikaosha vyombo. Walimu walinihurumia wiki moja, ya pili wakazoea. Baba alikaa mlangoni kila jioni na kikombe cha chai hadi chai ikafanya utando. Shule ikifungwa mchana nilipitia bekari, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea njia hiyo, na Sista alinipa chupa ya soda nisage chenga. Hiyo ndiyo kazi niliyoweza. Nyumbani, kila nilipopata nafasi, nilivuta lile kopo la biskuti, nikafungua, nikaingiza pua. Mama hakuwamo. Mlikuwa na harufu ya mkate mkavu tu, lakini nilifungua tena kesho yake, na kesho yake tena, mara nyingine mara tatu kwa siku, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoijua kuwa haina mtu. Sikumwambia yeyote. Nilikuwa namkasirikia mama, nikiri hivyo sasa. Nilimkasirikia kwa kufa siku mbili tu baada ya kusema kichwa kinamuuma, na kwa kuniachia mikate saba, yote vilema.

Nafasi ya mama ilichukuliwa na Mama Keziah, mwanamke wa kanisani, mchapakazi, ambaye nguo zake zilinukia sabuni hata akiwa ametoka jikoni. Ijumaa ya wiki yake ya kwanza mikate ilinunuliwa yote, hata ile ya kubakizwa, maana kulikuwa na mkutano wa akina mama na Sista hakuweza kuwanyima. Alisema si neno, kopo la chenga limejaa. Jumapili yake askofu alikuwa anakuja kuwapa watoto kipaimara, na bekari iliombwa kuoka mikate ya chai ya parokia nzima. Jumamosi nilifika mapema. Nilimkuta Mama Keziah amesimama katikati ya banda linalong'aa, amesugua meza, amesugua rafu, amesugua hata mlango wa tanuri, na kopo kubwa la bati limekaa kwenye jua limeinamishwa, linachuruzika maji. "Sista," alisema kwa furaha, "hapa palikuwa na uchafu, nimewasaidia. Hata lile kopo la vumbi nimewamwagia kuku." Sista alitoka nje. Nilimfuata. Kuku wa watawa walikuwa wamemaliza, wanaparuza ardhi yenye unyevu kutafuta mabaki. Alivua miwani akaifuta. Hakumgombeza Mama Keziah, na hata mimi nilijua angemgombeza kwa lipi, kwani mji mzima ulikuwa ukiupukuta mkate ule tangu siku ya kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Donge lilikuwa limeshaumuka. Sista aliingia ndani, akaosha mikono, akaikausha kidole kwa kidole, kisha akaniita kando ya rafu. Hakuinama kuniangalia kama watu wazima wanavyofanya wakitaka kitu. "Ile mikate ya mama yako," akasema, "ndiyo iliyobaki ya jana. Hakuna mingine mahali popote." Nilimwelewa mara moja, ndiyo maana siwezi kujitetea kwa utoto. Niliona ile mikate saba ikisagwa kwa chupa, niliona watu wasiomjua mama wakiipukuta mapajani mwao, niliona kopo la biskuti likiwa tupu chini ya kitanda. Nikasema hapana. Akauliza, "Hata mmoja?" Mmoja ungetosha kuipaka sinia moja, na kesho yake kusagwa na kuendelea. Nikasema hapana tena, kwa sauti ambayo Mama Keziah aliisikia. Sista akasema, "Sawa, ni yako," na hapakuwa na hasira ndani ya neno hilo, nimelichunguza miaka yote hii na sijaiona. Akafungua mfuko wa unga, akautandaza juu ya meza, na donge likalazwa hapo. Mikate ya siku ile iliingia motoni ikiwa myeupe.

Jumapili watu waliifurahia kupita kiasi. Walikula wamesimama chini ya turubai, watoto wa kipaimara wamevaa mavazi meupe, na hakuna aliyepukuta chochote. "Leo Sista ametuheshimu," nilimsikia yule fundi wa baiskeli akisema. "Leo hakuna vumbi." Senje alikula mitatu, akaniletea wa nne. Niliula. Ulikuwa mkate mzuri, laini, na haukuwa na ladha ya jana hata kidogo. Sista alikuwa anapita na birika la chai, na alipofika kwangu alinijazia kikombe. Jumatatu alisaga ile myeupe iliyobakia, akaanza chenga upya, na watu wakarudia kugonga mapaja yao. Kwa macho hukuona tofauti yoyote. Mimi niliijua, na Sista aliijua.

Nililifungua kopo la biskuti mwishoni mwa msimu, siku ambayo Senje alikuwa anafunga mizigo kurudi Likuyani na mimi pamoja naye, maana baba alikuwa amekubali kwamba nikasomee huko. Nilikuwa nimejizuia wiki mbili kulifungua. Lilikuwa na harufu ya kabati lililofungwa. Mikate ilikuwa imeota manyoya ya kijani, na mmoja, nilipougusa, ulivunjika, ndani mkatoka wadudu wadogo wekundu wanaotembea haraka. Kila nilipofungua kuinusa nilikuwa nimeingiza unyevu wa mvua. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, nimejaribu kumtafuta. Senje alichungulia juu ya bega langu, na nadhani alilikumbuka lile neno lake la akiba, kwa sababu alilichukua kopo kwa mikono miwili, polepole sana, akatoka nalo nje. Aliwamwagia kuku wake. Walikuja mbio, wakadonoa mara moja, mara mbili, wakaondoka. Siku hiyo pia sikulia. Nilienda kuoga, nikavaa, nikapanda gari.

Sista Ligaya alirudishwa kwao nikiwa sekondari, na nilipata habari hiyo baadaye, katika barua ya baba iliyohusu mambo mengine. Nilirudi Kakamega kikazi, mimi ni karani wa serikali, ninaishi Shieywe tena, mitaa miwili kutoka ile nyumba yetu ya zamani. Banda lingaliko. Ndani yake wanaweka viti vya plastiki vya kanisa, na ndani ya tanuri nimeona mifuko ya saruji. Mkate wa mjini sasa ni ule wa kukatwa vipande, ndani ya plastiki, laini siku ya kwanza na laini siku ya sita, sijui wanautia nini. Watu husema majuto ni mjukuu, huja mwishoni. Yangu hayakusubiri hata kidogo, yalikuwa yamekaa nami kwenye meza ile nilipokuwa nasema hapana. Nina oveni ya gesi, na kwa miaka michache sasa kila Jumamosi ninaoka pandesal. Mikono ilikuwa inakumbuka rungu na kipande cha bati. Chenga ndizo nilizokosa, na siku ya kwanza ilinibidi nikaushe mkate wa dukani na kuusaga.

Binti yangu Neema ana miaka tisa na ni mtu wa maswali. Jumamosi iliyopita alikuwa anaviringisha chupa, akasimama. "Mama, hii mkate tunasaga ni ya lini?"

"Ya Jumamosi ile nyingine."

"Na hiyo ilivaa nini?"

"Ya Jumamosi iliyotangulia."

"Na ya kwanza kabisa?"

"Ya dukani," nikasema.

Aliliwaza hilo. "Si ulisema kukhu alikuwa anaokanga?" Alimaanisha nyanya yake, mama yangu. Basi nikamweleza yote, kopo la bati, kuku, mikate saba, na nilivyosema hapana mara mbili. Nilieleza jinsi ninavyoeleza hapa, sauti yangu haikupanda wala haikushuka. Alipokuwa na hakika kwamba nimemaliza alisema, "Kwa hivyo ungempatia Sista, hata mmoja, halafu ubebe chenga zake, hii leo ingekuwa na kukhu ndani."

"Kidogo sana."

"Lakini angekuwa ndani."

"Ndiyo," nikamwambia. "Angekuwa ndani."

Sinia ya kwanza ilitoka. Neema alichukua mkate ukiwa moto, akaurusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na nilimwona akiupeleka pajani kama mtoto yeyote wa Kakamega. Akajizuia. Akalisogeza kopo letu la chenga, akaupukutia humo, taratibu, akiuzungusha mpaka ukaacha kudondosha, ndipo akala. Kisha akachukua kifuniko akaanza kukikaza kwa nguvu zake zote. Nilimshika mkono. "Usikaze hivyo," nikamwambia. "Tutazitumia."